Matumizi ya Mti wa Vinasaba katika Kubaini Spishi Mpya za Samaki: Mfano wa Perege wa Korogwe Kusini mwa Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi mti wa vinasaba unavyojengwa, unavyosomwa na unavyotumiwa kubaini samaki wanaoweza kuwa spishi ambayo bado haijapewa jina. Mfano mkuu ni perege wa Korogwe (Oreochromis korogwe) waliogunduliwa kati ya mwaka 2013 na 2016 katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, upande wa Lindi, mbali sana na makazi yao yaliyokuwa yakijulikana mkoani Tanga. Makala yanaonesha kuwa mti wa vinasaba ni ushahidi wenye nguvu, lakini hautoshi peke yake, hasa pale ambapo samaki wa asili wamechanganyika na sato walioletwa na binadamu. Aidha, yanaonesha kuwa uchotara huo unaweza kuufuta utambulisho wa samaki hao kabla sayansi haijaamua waitwe nani.

1.0 Utangulizi

Kitangari ni mji mdogo wa Wilaya ya Newala, mkoani Mtwara, katika Uwanda wa Juu wa Makonde. Mvua inayonyesha juu ya uwanda huo huzama upesi katika mchanga mwekundu, hivyo maji ya juu ya ardhi ni adimu. Kwa vizazi vingi wakazi wake walishuka mabondeni kuteka maji, na mradi wa maji wa Makonde unategemea chanzo cha Mitema kilichomo katika bonde la Kitangari. Kwa hali hiyo, samaki wengi wanaoliwa juu ya uwanda hutoka kwingine: baharini, katika Mto Ruvuma na katika maziwa madogo ya mikoa ya Mtwara na Lindi.

Samaki wa maji baridi wa umbo bapa, mwenye miiba katika pezi la mgongoni, huitwa perege. Mlaji hahitaji jina jingine. Hata hivyo, jina hilo moja hubeba spishi nyingi. Jenasi ya Oreochromis pekee ina zaidi ya spishi 30 barani Afrika, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye spishi nyingi zaidi za jenasi hiyo. Katika Mto Ruvuma kuna Oreochromis placidus rovumae. Katika mito ya Rufiji na Wami kuna Oreochromis urolepis. Huko Tanga kuna Oreochromis korogwe. Na karibu kila mahali sasa kuna sato, yaani Oreochromis niloticus, ambaye katika sehemu kubwa ya nchi ni mgeni aliyeletwa na binadamu.

Swali linalojitokeza ni hili: mtafiti anapomkuta perege mahali ambapo hakutarajiwa, anajuaje kama huyo ni spishi inayojulikana iliyohamishwa, chotara wa spishi mbili, au kiumbe ambacho sayansi haijakipa jina? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa hatua.

2.0 Ukomo wa Utambuzi wa Macho

Kwa zaidi ya karne mbili wataalamu wa samaki walitenganisha spishi kwa kutumia umbo. Walihesabu miiba ya mapezi, magamba ya ubavuni na vijino vya matamvua, wakapima urefu wa taya na upana wa kichwa, wakaandika rangi ya madume wakati wa kuzaliana. Kazi hiyo ilizaa matunda makubwa. Rosemary Lowe alimwelezea perege wa Korogwe kwa njia hiyo mwaka 1955, na Ethelwynn Trewavas alizipanga jamii zote za perege katika kitabu chake cha mwaka 1983 ambacho hutegemewa hadi leo.

Pamoja na mafanikio hayo, umbo lina vikwazo vitatu. Kwanza, rangi ya perege hubadilika kwa umri, jinsia na hali ya maji, na hupotea kabisa samaki anapokaushwa au kuhifadhiwa katika alkoholi. Pili, samaki wa nasaba tofauti wanaoishi katika mazingira yanayofanana huweza kufanana maumbo. Tatu, chotara huweza kufanana na mzazi mmoja kiasi cha kumdanganya hata mvuvi mzoefu. Kwa sababu hizo, ushahidi wa umbo huhitaji kuungwa mkono na ushahidi wa aina nyingine.

3.0 Jinsi Mti wa Vinasaba Unavyojengwa

Vinasaba vya kila kiumbe vimeandikwa kwa mfuatano wa kemikali nne, ambazo wanasayansi huzifupisha kwa herufi A, T, G na C. Mfuatano huo unapozalishwa upya kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, mara chache herufi moja hukosewa, na kosa hilo hurithiwa na vizazi vyote vinavyofuata. Makosa hayo ndiyo msingi wa mti wa vinasaba. Watu wawili walionakili hati moja wakikosea neno lilelile mahali palepale, msomaji atahisi kuwa walinakili kutoka katika nakala moja iliyokuwa tayari na kosa hilo. Vivyo hivyo, samaki wawili wenye badiliko lilelile ambalo wengine hawana, kwa kawaida wamelirithi kwa babu mmoja.

Kazi huanza ziwani. Mtafiti hupiga picha ya samaki akiwa hai au mara tu baada ya kuvuliwa, hukata kipande kidogo cha pezi, hukitia katika alkoholi, kisha humhifadhi samaki mwenyewe akiwa na namba ileile. Maabara hutoa vinasaba katika kipande hicho, hurudufisha sehemu inayotakiwa na kusoma herufi zake. Baada ya hapo mifuatano ya samaki wote hupangwa sambamba, herufi ya kwanza chini ya herufi ya kwanza, ili kila nafasi ilinganishwe na nafasi yake. Kosa katika hatua hii huharibu yote yanayofuata.

Kompyuta hutafuta mti unaoeleza vizuri zaidi tofauti zilizoonekana. Ili mti uwe na shina, huongezwa samaki wa kundi la nje, yaani spishi inayojulikana kuwa na undugu wa mbali na zote zinazochunguzwa. Bila kundi hilo, mti huonesha ukaribu lakini hauoneshi upi ulikuwa mgawanyiko wa kwanza.

Mwisho, uimara wa kila tawi hupimwa. Kompyuta huchagua upya nafasi za herufi kwa kubahatisha kutoka katika data ileile, aghalabu mara 1000, na kila mara hujenga mti upya. Tawi linalojitokeza mara 980 kati ya 1000 linaaminika. Linalojitokeza mara 400 halipaswi kubebeshwa hoja yoyote nzito.

4.0 Jinsi Mti Unavyosomwa

Kosa la kawaida kwa msomaji mgeni ni kuangalia majina yaliyo jirani kwenye ncha za matawi na kudhani kuwa ujirani huo ndio undugu. Undugu husomwa katika vifundo, yaani mahali matawi yanapokutana. Samaki wawili ni ndugu wa karibu ikiwa kifundo kinachowaunganisha ni cha hivi karibuni kuliko kinachowaunganisha na wengine.

Mtafiti anayetafuta spishi mpya huangalia mambo matatu. La kwanza ni kama samaki wote wa mahali fulani wanakutana katika kifundo kimoja kisichomjumuisha samaki wa mahali pengine. La pili ni urefu wa tawi linaloliunganisha kundi hilo na ndugu zake, ukilinganishwa na matawi mafupi ndani ya kundi lenyewe. Tawi refu likifuatiwa na kichaka cha matawi mafupi huashiria kundi lililotengana na wenzake kwa muda mrefu. La tatu ni kama picha hiyo inajirudia katika sehemu mbalimbali za vinasaba.

Kwa samaki wengi duniani, sehemu moja tu ya vinasaba imetosha kuanzia kazi. Utafiti wa Ward na wenzake wa mwaka 2005, uliohusu spishi 207 za samaki wa Australia, ulionesha kuwa katika jeni moja ya mitokondria yenye herufi zipatazo 655, samaki wa spishi moja walitofautiana kwa wastani wa asilimia 0.39, ilhali samaki wa spishi tofauti za jenasi moja walitofautiana kwa wastani wa asilimia 9.93. Pengo hilo ni pana kiasi kwamba mgeni hutambulika upesi.

Hata hivyo, pengo hilo si sheria. Katika Ziwa Nyasa, spishi nyingi za samaki wa familia ya perege zilitokea katika kipindi kifupi mno cha mageuko. Jenomu zao nzima hutofautiana kwa wastani wa asilimia 0.1 hadi 0.25 tu, ingawa maumbo, rangi na vyakula vyao vinatofautiana waziwazi. Anayeshikilia kipimo kimoja cha asilimia kwa samaki wote angezifuta mamia ya spishi za ziwa hilo kwa kalamu moja.

5.0 Kwa Nini Mti Mmoja Hautoshi

Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, ambao kwa mila ukoo hufuatwa upande wa mama, jambo hili halihitaji maelezo marefu: mtoto hubeba ukoo wa mama yake hata kama baba ametoka mbali. Ndivyo ilivyo kwa mti unaojengwa kwa vinasaba vya mitokondria. Jike wa spishi moja akizaa na dume wa spishi nyingine, uzao wake wote utaonekana kwenye mti huo kuwa ni wa spishi ya mama, hata kama baada ya vizazi kadhaa karibu vinasaba vyote vya kwenye kiini cha seli vimetoka kwa baba.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Ford na wenzake walichapisha mwaka 2019 mti wa jenasi ya Oreochromis uliolinganisha vinasaba vya mitokondria na vya kiini cha seli, wakaonesha kuwa miti hiyo miwili haikubaliani katika maeneo kadhaa. Kutokubaliana huko hutokana na sababu kuu mbili. Moja ni uchotara wa kale au wa sasa. Nyingine ni kwamba babu wa pamoja huweza kuwa na aina kadhaa za jeni moja, na spishi zilizotokana naye zikabaki na aina hizo kwa bahati tu, bila kufuata utaratibu wa undugu.

Upande wa pili wa tatizo huonekana katika Ziwa Natron. Mwaka 1999, Seegers na Tichy walieleza kwa misingi ya umbo spishi mbili mpya za perege wa magadi katika ziwa hilo, pamoja na ile iliyokuwa ikijulikana. Taya na midomo yao hutofautiana, lakini uchunguzi wa vinasaba umeonesha kuwa jeni zimeendelea kupita kati yao kwa kiwango kikubwa. Hapa mti ukitazamwa peke yake ungeelekea kusema ni samaki mmoja, na umbo likitazamwa peke yake lingesema ni watatu. Kwa hiyo mtafiti makini huuliza maswali yote mawili.

6.0 Perege wa Korogwe katika Maziwa ya Kusini

6.1 Ugunduzi

Kati ya mwaka 2013 na 2016, watafiti wa Tanzania na Uingereza, wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), walifanya ukaguzi wa perege katika mabonde mengi ya nchi. Katika maziwa ya Nambawala, Rutamba na Mitupa walikuta perege waliofanana na Oreochromis korogwe. Jambo hilo lilishangaza, kwa kuwa samaki hao walijulikana kaskazini, kama vile katika Mto Zigi na Bwawa la Mlingano mkoani Tanga. Umbali kati ya maeneo hayo ni zaidi ya kilomita 500, na katikati kuna mabonde ya Wami, Ruvu na Rufiji yenye perege wa aina nyingine.

6.2 Maelezo matatu na utabiri wake

Maelezo matatu yaliwezekana. Kwanza, huenda watu waliwahamisha samaki kutoka Tanga miongo michache iliyopita. Ikiwa ni hivyo, samaki wa kusini wangejipenyeza ndani ya tawi la samaki wa kaskazini, na tofauti kati yao zingekuwa kidogo mno. Pili, huenda walikuwa machotara au spishi nyingine iliyofanana nao kwa umbo. Ikiwa ni hivyo, wangeangukia kwenye tawi la spishi hiyo nyingine au katikati ya matawi mawili. Tatu, huenda walikuwa kundi la kale lililotengana na la kaskazini kwa njia ya asili. Ikiwa ni hivyo, kusini na kaskazini wangekuwa matawi mawili ndugu, kila moja likiwa na mabadiliko yake.

Nguvu ya mti wa vinasaba iko hapa: maelezo matatu ambayo jicho haliwezi kuyatenganisha hutoa miti mitatu tofauti.

6.3 Matokeo

Utafiti wa Blackwell na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021, uliunganisha vipimo vya umbo, alama za vinasaba za mikrosatelaiti na usomaji wa jenomu nzima. Matokeo yalionesha kuwa perege wa maziwa ya kusini wanatofautiana na wa kaskazini kwa umbo na kwa vinasaba. Lakini yalionesha pia kuwa katika maziwa yote matatu kuna machotara waliotokana na perege hao na sato.

Uchotara huo ulileta ugumu katika kukadiria umri wa mgawanyiko. Kipande cha jenomu kilichotoka kwa sato hutofautiana na cha perege wa kaskazini kuliko kipande halisi cha perege wa kusini. Vipande hivyo vikihesabiwa pamoja na vingine, mgawanyiko wa kaskazini na kusini ungeonekana kuwa wa kale kuliko ulivyo. Kwa bahati nzuri, mchanganyiko haukuenea sawasawa: sehemu nyingine za jenomu ziliathirika sana na nyingine kidogo. Watafiti walitumia zile zilizoathirika kidogo zaidi, wakakadiria kuwa makundi hayo mawili yalitengana takribani miaka 140,000 iliyopita.

Kadirio kama hilo hutegemea kasi ya mabadiliko ya vinasaba na urefu wa kizazi cha samaki, hivyo halipaswi kusomwa kama tarehe ya kalenda. Hata hivyo, hata kama makosa ni makubwa, jibu la swali la msingi halibadiliki. Hakuna mtu aliyebeba ndoo ya samaki kutoka Tanga kwenda Lindi miaka 140,000 iliyopita. Kundi la kusini ni la asili, na lina historia yake huru ya mageuko.

7.0 Kutoka Tawi hadi Jina

Pamoja na matokeo hayo, watafiti hawakulipa kundi la kusini jina la spishi mpya. Walilitambua kama kundi huru la mageuko linalostahili kuhifadhiwa kwa hadhi yake. Tahadhari hiyo ina msingi. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, spishi mpya huhitaji maelezo yaliyochapishwa yanayoitofautisha na nyingine, pamoja na samaki kielelezo anayehifadhiwa ili wengine waweze kumchunguza. Tawi kwenye mti halitoshelezi masharti hayo.

Zaidi ya hayo, katika maziwa yenye machotara, kumchagua samaki kielelezo ni jambo la hatari. Akichaguliwa samaki mwenye damu ya sato, jina litakuwa limefungwa kwa chotara. Hivyo mti hutangulia kuonesha wapi pa kuchunguza na samaki gani ni safi. Umbo, ikolojia na tabia ya kuzaliana hufuata. Jina huja mwisho.

Njia hiyo inaweza kupitiwa hadi mwisho. Mwaka 2009, Wildekamp na wenzake walieleza samaki mdogo wa madimbwi ya msimu kutoka kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, wakampa jina Nothobranchius makondorum kwa heshima ya watu wa Makonde. Samaki wa jenasi hiyo huishi kwa msimu mmoja, na mayai yake husubiri mvua katika tope lililokauka. Madimbwi ya aina hiyo, ambayo wengi huyapita bila kuyatazama, yanaweza kuwa ndiyo makazi pekee ya spishi nzima.

8.0 Umuhimu kwa Jamii

Sato alipelekwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na baadaye akasambazwa katika mabwawa na maziwa mengi kwa nia njema ya kuongeza kitoweo. Anakua haraka na hufikia umbo kubwa kuliko perege wengi wa asili. Tatizo ni kwamba anazaliana nao. Samaki wa asili hawafi kwa kishindo. Mizoga haielei juu ya maji. Kila msimu wa mvua machotara huongezeka, na baada ya muda ziwa hubaki na samaki wengi huku nasaba ya asili ikiwa imetoweka. Mvuvi anaweza asione tofauti yoyote katika wavu wake.

Hasara hiyo haiwahusu wanasayansi peke yao. Perege wa asili wamezoea joto, chumvi, magonjwa na ukame wa maeneo yao. Jeni hizo ni akiba ambayo ufugaji wa samaki unaweza kuihitaji kesho, na zikishachanganyika haziwezi kutenganishwa tena. Kwa hiyo, anayetaka kuchimba bwawa la samaki katika bonde la Kitangari au kando ya Ruvuma anahusika moja kwa moja. Mambo matatu hupunguza hatari: kuuliza vifaranga vimetoka wapi na ni vya spishi gani, kuweka bwawa mbali na njia ya mafuriko, na kutomwaga samaki wa bwawani katika ziwa au mto.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kuwa mti wa vinasaba husoma makosa ya urithi na kuyageuza kuwa historia ya undugu. Kwamba kundi linalokutana katika kifundo kimoja chenye tawi refu ni dalili ya spishi isiyojulikana. Na kwamba dalili hiyo huhitaji kuthibitishwa na vinasaba vya kiini, umbo na ikolojia. Mfano wa perege wa kusini umeonesha nguvu ya njia hii na mpaka wake. Mti uliweza kusema kuwa samaki wa Rutamba, Nambawala na Mitupa hawakuletwa na mtu. Mti huohuo ukaonesha kuwa sato, aliyeletwa na mtu, tayari yumo ndani ya nasaba yao. Kazi ya kuwapa jina inaweza kusubiri ushahidi kamili. Kazi ya kulinda maziwa yao haiwezi kusubiri.